Umeumwa na mdudu gani? Maswali tunayoulizwa kila siku dukani, Tabora

Haya ni maswali ya wateja wetu wa duka la dawa hapa Tabora mjini, wengine wa Isevya, Ng'ambo na Kiloleni, wengine wanashuka na basi kutoka Sikonge, Urambo au Kaliua wameshavimba tayari. Mtu anafika, ananyoosha mguu anasema "ni buibui huyu", ukimuuliza ulimwona anasema hapana ila nina uhakika. Mimi sio daktari, nauza dawa, kwa hiyo pale panapohitaji daktari nitakwambia nenda hospitali wala sitazunguka.

Naweza kumjua mdudu kwa kuangalia alama tu?

Mara nyingi huwezi, na daktari naye mara nyingi hawezi. Ngozi haina majibu mengi, karibu kila mdudu inamjibu vilevile: panavimba, panawasha, pana joto. Halafu yale mambo ya "pamekuwa pekundu" kwa ngozi zetu nyeusi hayaonekani vizuri, unachoona ni pamekolea weusi au pana uzambarau hivi na ukipagusa pamekaza.

Kinachosaidia ni kujiuliza maswali mengine. Iliuma palepale ukaruka, au umeamka tu umekuta? Ilikuwa mchana au usiku? Ulikuwa wapi, porini, chooni, kwenye kuni, gesti? Kiko kimoja au viko vingi? Sehemu iliyokuwa wazi au ndani ya nguo? Kama uliruka kwa maumivu hapo hapo, basi fikiria nyuki, nyigu, nge, tandu au mbung'o. Kama umeamka unajikuna tu, fikiria mbu, kunguni, viroboto, papasi. Na kubwa kuliko yote, nini kimefuata baada ya siku tatu, wiki, wiki mbili, maana kwa huku kwetu wanaolaza watu hospitali ni wale ambao alama yao unaweza hata usiione.

Nimeamka na vipele vitatu vinne vimejipanga mstari, mkononi na shingoni. Nini?

Kunguni, karibu na uhakika. Anakula sehemu iliyokuwa nje ya shuka, anahama kidogo anakula tena. Usiangalie katikati ya godoro, nyanyua kona, vuta ule mshono wa pembeni na umulike na tochi ya simu, utaona vidoti vyeusi vimegandia kwenye uzi (ndo mavi yake hayo, damu iliyosagwa), magamba membamba ya kahawia, na ukibahatika mwenyewe anakimbilia kwenye ufa wa chaga. Wasafiri wa treni wanaolala gesti wakisubiri gari wanawabeba kwenye mabegi bila kujua.

Kunguni hajulikani kuambukiza ugonjwa, anakera tu na kukunyima usingizi. Ila naomba sana, tena sana, msipulizie kitanda dawa ya shambani, ya tumbaku au ya pamba. Kila msimu kuna mtu anafanya hivyo halafu anaingia kulala na watoto. Kuna dawa za kunguni za ndani ya nyumba, uliza. Nguo na mashuka chemsha, chaga mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, rudia baada ya wiki mbili hivi kwa sababu mayai yanaanguliwa.

Vipele viko miguuni tu, kuanzia kifundo kushuka.

Viroboto. Angalia mbwa, paka, au kama kuku na mbuzi wanalala chumba kimoja na nyinyi. Fagia, mwagia maji sakafu ya vumbi, tibu mnyama. Tuendelee.

Homa inakuja inakata inarudi, malaria napima hamna. Inahusiana nini na kuumwa na wadudu?

Hili ndo swali ambalo natamani watu wangeuliza zaidi kuliko hilo la buibui.

Papasi ni jamii ya kupe, ila laini, hana lile ganda gumu, anafanana na punje ya udongo ndo maana humwoni. Anakaa kwenye nyufa za ukuta wa udongo na sakafu ya vumbi, hasa pale miguu ya kitanda inapokaa na kwenye kona unapolaza mkeka. Usiku anatoka, ananyonya kama nusu saa hivi, anarudi zake ufani. Haumi kwa kelele, wengi hawashtuki kabisa, asubuhi unakuta kadoti keusi kenye kamchubuko ka damu na pengine panawasha. Anaweza kukaa miaka mingi bila kula, kwa hiyo ile nyumba iliyofungwa muda mrefu, au banda la shambani mnalorudia msimu wa kilimo, usidhani wamekufa.

Baadhi yao wana bakteria wa homa ya papasi. Kama wiki moja baada ya kuumwa, inaweza kupungua au kuzidi kidogo, homa kali inakupanda ghafla, kichwa, viungo, kutapika, siku tatu nne hivi, halafu inakata kwa jasho jingi unajiona umepona unaenda shamba. Baada ya wiki inarudi. Na hapo katikati ushameza dozi ya malaria, ukasema imenisaidia, kumbe homa ilikuwa inakata yenyewe.

Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha kidole na kikaratasi chenye mistari, hakiwezi kuiona. Inaonekana kwenye darubini, damu ichukuliwe wakati homa iko juu, kwa hiyo ukifika kituoni waambie wazi: homa yangu inarudi-rudi, nimelala nyumba ya udongo, naomba damu iangaliwe kwa darubini. Sema hivyo hivyo. Ina dawa na inapona vizuri, ni antibayotiki, lakini usije kuninunulia vidonge kimyakimya ukajitibu nyumbani, maana dozi ya kwanza inaweza kukushusha presha ukatetemeka vibaya sana, inatakiwa uwe karibu na muuguzi. Mjamzito asisubiri hata siku moja, homa hii inaharibu mimba.

Nyumba: ziba nyufa, sakafu ikiwezekana piga sementi, kitanda kisiguse ukuta, chandarua kichomekewe chini ya godoro pande zote. Mgeni anaumwa zaidi kuliko mwenyeji aliyekulia humo, kwa hiyo usiseme "mbona sisi hatuumwi" wakati mjukuu kaja likizo kutoka Dar na sasa yuko hoi.

Mbung'o kaniuma. Nitapata malale?

Huenda usipate. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita huku, wengi wao hawana vijidudu vya malale, ule ugonjwa wa usingizi. Kumtambua ni rahisi: mkubwa kuliko nzi wa kawaida, akitua anakunja mabawa moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa, mdomo umechongoka mbele, na anauma mchana kweupe kupitia shati. Ukimpiga kofi anaruka anakuja tena. Anapenda kitu kinachotembea, ndo maana ukiwa kwenye pikipiki njia ya msituni wanakufuata, na anapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi (mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, sasa we unavaa jinzi ya bluu unaenda pori la Ugalla, unategemea nini). Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, kitambaa kizito.

Kila aliyeumwa ajichunguze. Siku chache mpaka wiki mbili baadaye, je, pale alipouma pamekuwa jipu gumu linalouma, limevimba kuliko kawaida? Homa imefuata, kichwa, mitoki? Basi hospitali, na useme neno mbung'o, usiseme homa tu. Aina ya malale ya upande wetu wa Afrika inaenda haraka, ni wiki au miezi michache, usisubiri mpaka mtu aanze kulala mchana na kukesha usiku na kuongea visivyoeleweka, hapo vijidudu vimeshafika kwenye ubongo. Zamani dawa ya hatua hiyo ilikuwa na aseniki ndani yake na baadhi ya wagonjwa walikuwa wanauawa na dawa yenyewe. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limeelekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii pia, kuanzia mtoto wa miaka 6 mwenye kilo 20.

Wanaokaa sana porini, warina asali, wawindaji, wakata mbao, wachungaji, nyie ndo nawasema.

Nimeumwa na nyuki, nifanye nini kwanza?

Ondoka hapo kwanza, mwiba baadaye. Nyuki akikuchoma anaacha harufu inayowaita wenzake, watu wengine wanasema inanukia kama ndizi na ni kweli, kwa hiyo ukibaki umesimama unapunga mikono unawaalika. Funika uso na shati, kimbia moja kwa moja, ingia ndani ufunge mlango. Usijirushe bwawani, nyuki wanakusubiri juu, na watu wamezama kwa njia hiyo.

Ukishafika salama, toa mwiba. Uangalie kwa karibu: kuna kafuko keupe kadogo juu yake, na kanaendelea kubana-bana kakisukuma sumu ndani hata nyuki mwenyewe kashakufa. Kwa hiyo usianze kutafuta wembe au kadi, ukucha unatosha, sekunde zinahesabika kuliko mbinu. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, panadol, na piriton kama panawasha (itakusinzisha, usiendeshe bodaboda). Kuvimba mpaka siku ya pili au ya tatu ni kawaida.

Hospitali haraka, bila kupita dukani kwangu, kama ni hivi: midomo au ulimi unavimba, pumzi inabana au sauti inakwaruza, vipele vinatokea mwili mzima mbali na pale ulipochomwa, kizunguzungu, kutapika, kuzimia. Hiyo ni aleji kali, inakuja ndani ya dakika chache mpaka saa moja hivi, na dawa yake ni sindano ya adrenalini ya paja. Piriton haitoshi, hata kumi hazitoshi. Mlaze anyanyuliwe miguu, akishindwa kupumua mkalishe, asitembezwe. Aliyechomwa ndani ya mdomo (nyuki aliingia kwenye chupa ya soda) naye aende tu. Na aliyechomwa na kundi zima, hata kama anaongea anacheka, apelekwe, maana sumu nyingi inaumiza figo na mkojo unaweza kuwa mweusi baadae.

Kundi likiingia darini au kwenye mwembe wa nyumbani usiwashe moto wa matairi. Piga Zimamoto 114, au tafuta mrina mwenye vazi, mkoa huu una chuo kizima cha ufugaji nyuki, hatukosi watu. Halafu vile vijinyuki vidogo vinavyokuja kulamba jasho na kuingia machoni ukiwa msituni, vile havina mwiba, vinakera tu.

Na nyigu?

Haachi mwiba na anaweza kukuchoma mara nyingi. Mengine yote fanya kama nyuki, na alama za hatari ni zilezile.

Nge mkubwa na nge mdogo, yupi mbaya?

Usiangalie ukubwa, angalia mikono na mkia. Mwenye makoleo manene na mkia mwembamba anategemea nguvu ya mikono, sumu yake mara nyingi ni ya kawaida tu. Mwenye makoleo membamba na mkia mnene, huyo ndo wa kumkimbia, hata awe mdogo.

Maumivu ni ya moto, palepale, na mara nyingi hakuna uvimbe wa maana, watu wanashangaa "mbona hapajavimba na nalia hivi". Ganzi na kuchonyota vinapanda mguu. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi atateseka usiku ule na kesho yake akapoa, kitambaa cha baridi na panadol. Lakini mtoto mdogo apelekwe mara moja, na yeyote anayetokwa mate mengi, misuli inaruka-ruka, macho yanazunguka, anashindwa kumeza au kupumua.

Wapo kwenye rundo la matofali, kuni, chini ya gunia, ndani ya buti. Ukitaka kujua kama wapo kwako, chukua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, zunguka nje usiku. Nge anang'aa kijani-bluu kabisa, utashangaa walivyo wengi.

Tandu je? Na jongoo?

Tandu anang'ata kwa mbele, unaona vitundu viwili, maumivu makali ila mara chache sana ni hatari, osha, panadol, basi. Maji ya moto ya kuvumilika yanawasaidia wengi. Jongoo hang'ati kabisa, ila ana majimaji yanayotia ngozi doa la kahawia na yakiingia jichoni ni balaa, osha kwa maji mengi, na watoto wasimchezee.

Haya sasa, buibui.

Wengi wao meno hayawezi hata kupenya ngozi yako. Yule bapa anayekimbia ukutani usiku anakula mende, muache. Yule mkubwa mwenye manyoya wa kwenye shimo anatisha kweli na akibanwa ataumiza, lakini hakuui. Wapo wachache wa kuheshimu, hasa kale ka kahawia au keusi, tumbo la mviringo, lenye alama ya chungwa au nyekundu kwa chini, anakaa sehemu tulivu kama chini ya ndoo kuukuu au stuli ya chooni. Akikung'ata maumivu yanasambaa, misuli inakaza tumbo na mgongo, jasho. Nenda hospitali.

Sasa kile kidonda chenye usaha ulichokuja nacho ukasema ni buibui, mara nyingi ni jipu la bakteria, na likipakwa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi linazidi.

Na hili la "nimekojolewa na buibui". Yale malengelenge yanayowaka moto, nimeyaona yakiwa vitu viwili tofauti. Kimoja ni kale kadudu kembamba keusi na chungwa kanakokuja kwenye taa wakati wa mvua, wengine wanakaita nairobi flai. Hakaumi. Ukikaponda juu ya ngozi ndo majimaji yake yanakuunguza, na hayakuunguzi saa ile, ni kesho yake au keshokutwa, unakuta mstari wa malengelenge pale ulipokaburuza kidole, au alama mbili zinazotazamana kwenye kunja la kiwiko. Kakitua kapulize, usikapige, na ukikaponda osha kwa sabuni hapo hapo kabla hujagusa jicho.

Cha pili ni mkanda wa jeshi. Malengelenge yamekaa upande mmoja tu wa mwili, yanafuata mkanda wa ubavu au shingo au uso, na maumivu yalianza siku kadhaa kabla ya malengelenge kutoka. Hapo hamna mdudu yeyote. Nenda hospitali ndani ya siku tatu tangu yatoke maana dawa yake inafanya kazi vizuri ikiwahi, ikiwa karibu na jicho nenda leo, na watakushauri upime na VVU pia, usikasirike.

Funza wa mguuni wanatolewaje?

Unaona kadoti keusi katikati ya duara jeupe, pembeni ya kucha au kisiginoni, panawasha kisha panauma. Ni kiroboto jike kajichimbia anatunza mayai. Aliletwa Afrika na meli kutoka Brazili, akateremkia Angola mwaka 1872, akafuata njia za misafara mpaka akavuka bara zima. Pini isiyochemshwa na inayozungushwa watoto watano ndo tatizo kubwa kuliko funza mwenyewe, hapo kuna pepopunda na virusi vya damu. Kituo cha afya wanatoa vizuri. Sio mafuta ya taa tafadhali.

Kuna mwingine wa nguo, jipu dogo lenye kitundu katikati na unahisi kitu kinacheza. Nzi kataga kwenye nguo mbichi uliyoanika kivulini au chini. Paka vaseline nene uzibe kitundu, atatoa kichwa apumue, bana polepole atoke mzima. Nguo piga pasi, hasa mikunjo na nepi.

Kupe kanganda, nimchome na kiberiti?

Hapana, wala mafuta. Kibanio, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima taratibu. Mkichunga ng'ombe jikagueni kinena, kwapa na nyuma ya magoti. Pakibaki kidonda chenye gaga jeusi na homa juu yake, hospitali, kuna antibayotiki yake.

Kuchanja na wembe, jiwe jeusi, dawa ya meno, maji ya betri?

Wembe unaongeza kidonda. Jiwe halinyonyi sumu. Dawa ya meno inapoza dakika mbili. Maji ya betri, jamani.

Mtoto kajikuna mpaka vidonda, ni vipele vya mbu tu.

Mkate kucha, osha kwa sabuni mara mbili kwa siku, kalamini ya kupaka. Vikitoa usaha au gaga la njano apelekwe, bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kugeukia figo, utaona uso umevimba asubuhi na mkojo umekolea.

Nimpeleke mdudu hospitali?

Kama ushamuua, ndio, au piga picha. Usirudi kumtafuta gizani. Nge na tandu muweke kwenye chupa yenye kifuniko cha kufunga, sio kwenye mfuko wa rambo, kwa sababu wengine tunawekewa hiyo mifuko mezani inatembea.